Waridi Kumi na Nane na Nguruwe wa Baba

Kila Jumamosi saa nane mchana, Gemalyn aliumwa kichwa. Hakuumwa kweli. Hiyo ndiyo saa ambayo wenzake wa chuo walimpitia kwenye nyumba aliyopanga chumba ili waende kwenye jengo la maduka. Joto la mji wa Iloilo, Ufilipino, mwezi wa tatu halina huruma, na ndani ya maduka kuna baridi ya bure. Lakini baridi ile ilikuwa na ujanja wake. Ukishapoa, unaona chai ya maziwa. Ukishakunywa chai, unaona tangazo la sinema. Gemalyn alikwenda mara mbili tu, na baadaye akala wali na chumvi mpaka hela za nyumbani zilipofika. Tangu hapo akawa mgonjwa wa Jumamosi.

Siku moja aliwasikia wenzake chini ya dirisha lake.

"Tusimwite tena," alisema Jessa. "Anatuona sisi si wa kiwango chake."

Gemalyn alilala kifudifudi akalia. Aliwapenda wasichana wale, na sasa alikuwa anawapoteza.

Jioni mama yake akapiga simu kutoka kijijini. Alikuwa na furaha tele. Mwezi ujao Gemalyn angetimiza miaka kumi na minane, na baba yake, Ramil, alikwisha kupata mteja wa nguruwe wao jike. Hela hizo zingetosha gauni, keki, ukumbi na waridi kumi na nane. Kwa desturi ya kwao, wanaume kumi na wanane wangemletea waridi mmoja mmoja na kucheza naye, na wa mwisho angekuwa baba.

Watoto wa nguruwe yule ndio waliolipa karo yake. Akamuuliza mama chuo atalipiwa na nini.

"Hilo tutaliona mbele ya safari," alisema mama. "Binti wa Ramil hatatimiza miaka hiyo kimya kimya kama paka. Watu watasema nini?"

Tuseme ukweli, Gemalyn aliitaka sherehe ile. Tangu mdogo aliota akicheza na baba yake siku hiyo. Lakini bila nguruwe, mwezi wa nane asingerudi chuoni.

Katika chumba cha jirani aliishi Rhodora, mwanafunzi wa ualimu mwaka wa mwisho. Alimsikia akilia, akagonga na kuingia. Gemalyn alianza tena hadithi ya kichwa.

"Mdogo wangu, huumwi kichwa," alisema Rhodora. "Unaumwa aibu. Mimi pia niliugua mwaka wa kwanza."

Gemalyn akamweleza yote. Rhodora alisikiliza hadi mwisho.

"Kukosa hela si kosa lako," alisema. "Kosa lako ni kukaa ukisubiri wengine wapange. Anayepanga ndiye anayechagua gharama. Sema wazi kwamba huna hela, halafu papo hapo toa wazo lako. Usiseme la kwanza bila la pili."

Kisha akamwonyesha mji ambao Gemalyn aliupita kila siku bila kuuona. Makumbusho ya taifa hayana kiingilio. Njia ya kutembea kando ya mto ni ya kila mtu. Kila alfajiri wanawake wa mtaa hucheza muziki wa mazoezi kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, na hakuna anayedaiwa senti. Kitambulisho cha chuo hupunguza nauli, kwa hiyo asikiache nyumbani. Na popote aendapo abebe maji na chakula chake, maana kiu ndiyo inayomaliza hela.

Jumamosi iliyofuata hakungoja kuitwa. Alishuka mwenyewe, akawawahi wakipita mlangoni bila kumwita.

"Kichwa kimepona?" Jessa alimchokoza.

Gemalyn hakurudi nyuma. "Hakikuwa kichwa. Sikuwa na hela, nikaona haya kusema. Leo pia sina, ila nina wazo. Twende makumbusho. Ni bure."

Jessa alimtazama, kisha akacheka. "Kumbe! Na mimi nilidhani unaringa. Hata mimi hela zikiisha ninakula wali na chumvi, dada."

Mmoja wao alisema makumbusho ni ya watoto wa shule, akaenda zake madukani. Waliobaki wakaenda, na kumbe humo ndani namo mlikuwa na baridi. Jua lilipopungua walitembea kando ya mto wakigawana ndizi za kukaanga na sukari. Yule mwenzao alipowasikia wakisimulia, Jumamosi ya tatu naye alikuja.

Gemalyn akaanza pia kuamka alfajiri kucheza na wanawake wa mtaa. Huko uwanjani, chini ya paa lake la mabati, ndipo wazo kubwa lilipomjia. Alikwenda na Rhodora ofisi ya mtaa kuomba uwanja. Wakakubaliwa bure, kwa masharti mawili: wafagie wakimaliza, na wamalize kabla ya giza, kwa sababu taa hulipiwa. Wanawake wa mazoezi wakaahidi spika yao.

Kisha akapiga simu nyumbani. "Baba, usimuuze nguruwe. Sherehe ipo."

Mama alinyakua simu. Alifoka kwamba sherehe ya uwanjani ni fedheha, na watu watasema.

"Mama, watu watasema siku moja," alisema Gemalyn. "Karo ni miaka mitatu."

Mama alikata simu na kununa. Gemalyn aliumia, lakini hakubadili neno.

Siku ilipofika, mama alishuka kwenye basi na sufuria kubwa ya tambi ndefu za kumtakia mtoto umri mrefu. Alikuwa bado amekunja uso. Kila rafiki alileta chakula kidogo, wakakitandaza juu ya majani ya mgomba. Gauni lilikuwa la Rhodora, limepunguzwa kiunoni. Waridi za dukani ni ghali, kwa hiyo kila mwanaume aliombwa ua lolote la kwao. Wakacheza wanafunzi, wakacheza waume wa wanawake wa mazoezi, akacheza hata mlinzi wa mtaa.

Wa mwisho alikuwa baba. Mkononi alishika ua jekundu alilolichuma kando ya banda la nguruwe.

"Nguruwe anakusalimu," alimnong'oneza. "Ana mimba."

Gemalyn alicheka na kulia pamoja, akamkanyaga baba mguu.

Pembeni, shangazi mwenye ulimi mkali kuliko wote kijijini alimvuta mama mkono. Mama akajiandaa kwa maneno.

"Huu uwanja mliupataje?" aliuliza shangazi. "Binti yangu anatimiza kumi na minane mwakani."

Uso wa mama ulikunjuka. Akaeleza kwa kirefu, kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Mwezi wa nane karo ililipwa. Rhodora alikuwa amehitimu, na chumbani kwake akaingia msichana mgeni. Jumamosi saa nane Gemalyn alimgongea waende mtoni na wenzake. Mgeni alijibu kwa sauti ndogo kwamba anaumwa kichwa.

Gemalyn alifungua mlango, akaketi kitandani kwa mgeni.

"Hakiumi hicho," alisema. "Vaa viatu."