Mashine Isiyo na Kasha

Kompyuta mpya ya ofisi ya vizazi na vifo ilifika Jumatatu asubuhi ikiwa ya moto. Fundi aliitua mezani, akapangusa jasho, na Bi Karani alipoigusa mgongoni aliutoa mkono upesi. Ilikuwa na joto la mtu mwenye homa. Waya wake wa umeme ulikuwa bado umeviringwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Uliiwasha huko ulikotoka?" akauliza.

"Niiwashe ya nini, mama? Na kwenye pikipiki kuna umeme?" Fundi akacheka. "Jua tu hilo limeichoma."

Nje manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu alfajiri. Bi Karani aliyaona dirishani, akasogeza madaftari kuipisha mashine. Alikuwa ameisubiri mashine hiyo miaka sita, na mtu aliyesubiri miaka sita hagombani na joto.

Fundi huyu walimwita Mluzi, maana hakuweza kukaza hata skrubu moja bila kupiga mluzi, tena wimbo ule ule mmoja, usio na mwisho wala mwanzo. Alikuwa kijana wa maneno mengi na mikono mizuri. Bi Karani alimpenda, ila hakumwambia.

"Sasa kasha lake liko wapi?" akauliza. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na kasha chini ya meza, na kwa miaka yote hiyo aliliwekea miguu.

"Haina kasha. Ndio uzuri wake huo. Ubongo, moyo, mapafu, vyote vimo humu humu nyuma ya kioo. Mwili mmoja tu."

"Basi miguu yangu nitaiweka wapi?" alisema Bi Karani, na binti yake akaangua kicheko kule kwenye rafu za madaftari.

Binti huyo ndiye Kitinda. Alikuwa na miaka kumi na tisa, anangoja chuo kifunguliwe, na mwezi ule alikuja kumsaidia mama yake kuhamisha madaftari ya zamani kuyaingiza kwenye mashine. Walimwita Kitinda kwa sababu alikuwa kitinda mimba. Wawili waliomtangulia hawakufika hata miaka mitatu, na wote wawili Bi Karani aliwaandika mwenyewe katika daftari la vifo, kwa mkono wake, kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu siku zile hapakuwa na karani mwingine. Aliyebaki ni huyu mmoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mluzi akawafundisha mashine kiungo kwa kiungo, mama na binti wakiwa wameinama pamoja. Kitufe cha kuwashia kilijificha chini ya kona ya kulia, hakionekani, hutafutwa kwa kidole. Ubavuni kulia palikuwa na matundu manne ya kuchomekea flashi na ufa mwembamba wa kadi. Ubavuni kushoto kulikuwa na trei ya CD. Ukiibonyeza inatoka taratibu, ukiisukuma inarudi. Spika zilikuwa chini ya kioo, nyembamba mno. Nyuma palikuwa na matundu ya feni yaliyotoa pumzi ya moto, na bawaba nene ya chuma iliyoshika kioo kwenye stendi, kiiname au kilale utakavyo. Kioo chenyewe kilikuwa cha kugusa: mausi ikikushinda, unatumia kidole.

"Na hii ni kamera." Akabonyeza juu ya kioo, na jicho dogo jeusi likaibuka katikati, likatoa mlio mdogo wa *tk*. "Ukiwa huitaki, unaizamisha kwa kidole gumba. Hivi."

Kitinda akajaribu. Jicho likazama, likaibuka, likazama. Pembeni yake palikuwa na gundi kavu, nyeusi, tabaka juu ya tabaka.

"Ilikuwa imefungwa?" akauliza.

"Ni ya mtumba hii. Mwenye nayo wa zamani alikuwa ameizungushia tepu nyeusi, we, nusu saa nzima naibandua. Watu wana woga."

Mashine ilipowaka iliuliza jina la mtumiaji, na Bi Karani akaandika lake. Chini yake ukatokea mstari wa pili: *Mwingine*. Na mbele yake, wazi.

Hapa ndipo alipokosea, na asingekosea hivyo mtu mwingine yeyote asiyekuwa karani. Mkuu wake wa kwanza, mzee mkali asiyecheka, alimfundisha jambo moja kabla ya yote: fomu haiachwi na mstari wazi. Ama uujaze, ama uukate kwa rula toka mwanzo hadi mwisho, kisha utie sahihi, ili asije mtu baadaye akaandika lake. Kwa miaka ishirini na miwili Bi Karani hakuwahi kuacha mstari wazi. Sasa akautazama ule, mkono ukatafuta rula mezani, akakumbuka kwamba hapo hapakatwi kwa rula.

"Uache tu huo, mama," alisema Mluzi.

"Fomu haiachwi wazi, mwanangu."

Akaandika jina lililokuwa karibu zaidi na moyo wake. Jina kamili la bintiye.

Feni ikatoa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua. Mluzi akasema ni vumbi.

Jumanne walipofungua ofisi walikuta jicho la kamera limeibuka. Bi Karani akalizamisha. Akaenda kufungua dirisha, akasikia nyuma yake *tk*. Akalizamisha tena. Saa nne asubuhi, watu wakiwa wamejaa kwenye benchi, spika zikapiga mluzi, wimbo ule ule wa fundi, na fundi hakuwepo. Watu wakacheka. Bi Karani hakucheka.

Jumatano Kitinda alikaa kwenye mashine kutwa nzima. Jioni mama yake akaona shingoni mwake, nyuma, alama nne nyekundu zilizopangana sawasawa, ndogo, za mstatili.

"Nini hiki?"

"Sijui, mama. Sikusikia maumivu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Mama, inaniita. Siyo kwa sauti. Ni pumzi. Inavuta pumzi, halafu inangoja na mimi nivute."

"Kesho hukai pale," alisema Bi Karani. Usiku hakulala, na nisingemlaumu mtu yeyote kwa hilo.

Alhamisi adhuhuri aliwarudisha watu wote waliokuwa kwenye benchi, akafunga mlango, akamwita Mluzi aje aichukue mashine yake. Kitinda aliambiwa asimame mbali, kwenye rafu. Mluzi alikuja na mkoba wa vifaa na kicheko chake. Akachomoa waya ukutani. Kioo hakikuzimika.

"Ina betri?" aliuliza Bi Karani.

"Haina," alisema Mluzi, na kicheko kikamtoka usoni.

Trei ya ubavuni ikatoka yenyewe, taratibu. Juu yake palikuwa na msuko mmoja wa nywele, mrefu, umekatwa kwenye shina pamoja na kipande cha ngozi kilicholowa. Kitinda akashika kichwa chake, akautazama mkono, akauona una damu, na ni hapo tu maumivu yakamfikia, akalia.

Mluzi, kwa hasira zaidi kuliko akili, akaikamata trei ili aing'oe. Ikarudi ndani na vidole vyake. Ilifunga kama mlango wa chuma. Pakasikika mvunjiko mmoja mkavu, na alipouvuta mkono vidole viwili havikuja nao. Damu ikaruka kwenye daftari lililokuwa wazi mezani. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akaukumbatia mkono, akaanza kusema haraka haraka, kwa kunong'ona, mithili ya mtoto anayetubu.

"Nilijua, mama. Nisamehe. Huko nilikoitoa kulikuwa na mpiga chapa. Walimkuta amekaa kitini, uso wake umeingia kwenye kioo mpaka masikioni. Wakasema presha. Macho hayakuwemo, mama. Ndio maana ile tepu. Kuna mtu aliifunga, mimi nikaifungua."

"Kitinda, toka nje," alisema Bi Karani. "Toka sasa hivi."

Lakini waya wa umeme, ule uliochomolewa, ulikuwa umeshapita chini ya meza, umeshapita chini ya kiti, kimya, unaburura kichwa chake chenye meno mawili ya shaba, na Kitinda alipogeuka kuukimbilia mlango ukamdaka kifundo cha mguu ukamwangusha kifudifudi, ukampanda mgongoni, ukamzunguka shingo mara moja na mara ya pili, ukaanza kumvuta kuelekea mezani huku kucha zake zikikwaruza saruji, na mama yake aliyemrukia akaushika waya kwa mikono miwili akaona unamuunguza viganja na hauachii, na Mluzi aliyekuja kwa magoti akaung'ata kwa meno akatupwa ukutani kwa nguvu zilizompasua kichwa, na spika zikapiga mluzi wake, wimbo ule ule, kwa furaha, na bawaba ikalia, na kioo kikainama chenyewe, taratibu, kikamsogelea msichana aliyekuwa anainuliwa kwa shingo mpaka uso wake ukawa shubiri moja tu na kile kioo, na kioo kikalainika.

Bi Karani akakitazama. Kilikuwa kimefungua fomu ya kifo.

Akaisoma, maana kusoma ndiyo kazi yake, na mtu hata akiwa anakufa mikono na macho yake huikumbuka kazi. Jina la marehemu: la bintiye, kamili, kama alivyoliandika yeye Jumatatu. Tarehe: ya leo. Saa: dakika moja kutoka sasa. Sababu ya kifo, na herufi zilikuwa zinaingia moja moja, bila haraka.

Hakuwa na rula. Alikuwa na kidole. Akauweka ukucha mwanzoni mwa jina la mwanawe, akakandamiza, akakata. Kioo kilikuwa laini na cha moto, kikamla ngozi, akasukuma, kikamla nyama, akasukuma, akihesabu herufi za jina alilolichagua mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita, hadi kidole kikagusa mfupa na mstari mwekundu ukafika mwisho.

Kila kitu kikasimama. Mluzi wa spika ukakatika. Waya ukangoja shingoni mwa Kitinda, haukuachia, haukukaza.

Ulikuwa unangoja sahihi. Kukata bila sahihi si kukata; hata jini anayekaa ofisini anajua hilo. Kwenye fomu nzima palikuwa na mstari mmoja tu uliobaki wazi, chini kabisa, na mbele yake pameandikwa: *Aliyepokea*.

Bi Karani aliusoma mara mbili. Akamtazama mwanawe, midomo imekuwa ya bluu, macho yanamtafuta yeye. Moyo wake haukusita hata kidogo. Akatia sahihi, ile ile nzuri ya siku zote, kwa kidole kisicho na ncha.

Waya ukaanguka. Kioo kikazimika. Feni ikavuta pumzi ndani, ndani, ndani, na haikuitoa.

Mluzi alipopona alirudi na nyundo mkono wa kushoto, akaivunja ile mashine uani mchana kweupe. Hakupiga mluzi, na mpaka leo hapigi. Alipoipasua akakuta ndani hamna ubongo, hamna moyo, hamna feni. Palikuwa na vumbi na vidole viwili vilivyokauka. Akasema, basi, imekwisha, na Kitinda akamwamini, kwa sababu alitaka sana kumwamini.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Kitinda alikaa chini katikati ya magoti ya mama yake ili asukwe nywele zilizobaki. Jua lilikuwa linaingia dirishani, majirani wanafua, redio ya mtu inaimba. Mama yake alikuwa amefunga kitambaa cheusi kipajini tangu Alhamisi ile. Alisema kichwa kinamuuma.

Kitinda akaegemea nyuma. Tumbo la mama lilikuwa la moto.

"Mama, una homa?"

"Sina. Tulia nikusuke."

Akatulia. Ndipo akausikia, nyuma ya mbavu za mama yake, mzunguko mdogo usiokoma, ukivuta pumzi, ukingoja. Akavuta na yeye kabla hajajua anafanya nini. Halafu ukaja mluzi, mwembamba, toka kifuani, na alipogeuka akaona midomo ya mama yake imefungwa na machozi yanamtiririka.

"Usiogope," alinong'ona mama. "Nimeipokea mimi. Haiwezi kukufuata, jina lako nimelikata. Ila mikono yangu imechoka, mwanangu, na kitambaa kinalegea. Nifunge upya. Kaza. Ongeza na kingine juu yake. Na kesho pia, na keshokutwa, kila siku nitakayokuwa hai. Utaweza?"

"Nitaweza, mama."

Kitinda akapiga magoti mbele yake, akaushika uso alioupenda kuliko nyuso zote, akakifungua kitambaa ili akifunge vizuri. Katikati ya kipaji cha mama yake pakalia *tk*.

Alikuwa amefundishwa. Akaweka kidole gumba juu yake, akaizamisha, akaanza kufunga.