Ngiri Ambayo Haikuwa Ngiri

"Mwenye ngiri hazai." Maneno hayo aliyasema Mama Vifungo, muuza vifungo na zipu, huku akipima lastiki. Aliyasema kama mtu anayetaja bei, kisha akaenda zake. Mshonaji alibaki nayo. Kila akikanyaga cherehani, yalikwenda na mguu wake: hazai, hazai, hazai.

Alikuwa na sababu. Wiki iliyopita mwanawe, mchomelea mageti ambaye wenzake humwita Cheche, alimletea suruali tatu.

"Mama, nipanulie huku chini. Zinanibana."

"Zote tatu? Unanenepea chini peke yake?"

Cheche alicheka, akatazama pembeni. "Kuna kitu kimeshuka upande wa kushoto. Nikisimama kutwa kinakuwa kizito. Nikilala kinaondoka."

Mama hakuuliza zaidi. Kuna mambo mama na mwana wa kiume hawayasemi wakitazamana. Lakini moyoni alikwisha kukipa jina: ngiri.

Na Cheche alikuwa na miaka miwili na nusu ya ndoa bila mtoto. Ndugu walikuwa wanamsengenya mkewe. "Shamba halioti," walisema. "Mrudisheni kwao." Sasa mama aliona kwamba huenda shida haiko shambani, iko kwenye mbegu. Akisema, atamwaibisha mwanawe. Akinyamaza, mkwe atafukuzwa, naye ni binti ambaye mama alimwita mwanangu tangu siku ya kwanza. Mama alinyamaza.

Akafanya analolijua: akashona. Alikata turubai, akatia sponji, akatengeneza mkanda mnene wa kukaza ngiri irudi juu. Kwa Mama Vifungo akanunua na unga wa mizizi, "wa kurudisha nguvu."

Mkanda ulikuwa bado uko mezani alipoingia muuguzi wa jirani kuchukua suruali yake ya kazi.

"Dada, huu ni mkanda wa punda?"

"Ni wa ngiri."

"Punda ana ngiri?"

"Punda ni wewe, mdogo wangu. Ni wa mteja."

"Mteja." Muuguzi akavuta kigoda, akaketi. "Huyo mteja amepimwa?"

"Kupimwa nini, na ngiri inajulikana?"

"Haijulikani kwa kusikia, dada. Uvimbe wa huko chini una majina mengi, nasi tunauita wote ngiri. Mwambie huyo mteja aje. Na mkewe aje, maana mtoto hutafutwa na watu wawili. Mkanda uache hapo hapo."

Siku hiyo mama alimwita Cheche, akamwambia huku akikunja kitambaa ili asimtazame usoni. "Nenda ukapimwe, baba. Wale ndugu niachie mimi."

Cheche alipimwa kwa mkono, akiwa amesimama na akiwa amelala. Akapigwa picha ya ultrasaundi. Mbegu zake zilipimwa mara mbili. Majibu yalipotoka, waliketi wote chumba cha kushonea: mama, mwana, mkwe na muuguzi.

"Si ngiri," alisema muuguzi. "Ngiri ni utumbo unaojipenyeza palipo dhaifu. Hii ni mishipa ya damu ya korodani. Madaktari wanaiita varikosili. Damu inayotoka kwenye korodani hupanda juu, na ndani ya mishipa kuna vilango vya kuizuia isirudi. Vilango vikilegea, damu inarudi chini. Mishipa inavimba na kujikunja."

"Kama uzi wa chini ukikorogeka kwenye cherehani," alisema mama.

"Hivyo hivyo, dada. Sasa, korodani zinapenda ubaridi, ndiyo maana zinaning'inia nje. Damu iliyotuama inaleta joto. Mbegu hupungua, au huwa na mwendo mzito. Kwa wengine korodani husinyaa. Homoni ya kiume, ambayo hutengenezwa humo humo, nayo huweza kushuka. Mtu anachoka, hamu inapungua."

"Basi sizai," alisema Cheche.

"Nani kasema? Katika wanaume mia, kama kumi na watano wanayo, na wengi wao wanaitwa baba. Wewe mbegu zako zimepungua, hazijaisha."

"Na ule unga alioninunulia mama?"

Mama akatazama mkasi wake.

"Hatujui una nini ndani," alisema muuguzi. "Dawa nyingine za nguvu huchanganywa na homoni ya kiume. Homoni ikiingia mwilini kutoka nje, mwili unaacha kutengeneza mbegu zake. Unadhani unajenga, kumbe unabomoa."

Mkwe akasema polepole, "Mimi wameniambia sina tatizo."

"Nilihisi hivyo, mwanangu," mama alijibu. "Nilihisi nikanyamaza, wakakusema. Nisamehe."

Mkwe alimshika mkono. Hakuuachia.

Cheche alifanyiwa upasuaji mdogo. Mishipa mibovu ilifungwa, damu ikapita kwenye mizima. Wiki kadhaa hakuinua geti hata moja, na wenzake wakamwita Bwana Harusi kwa kukaa bila kazi. Daktari hakumwahidi mtoto. Alimwambia mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa, arudi apimwe tena. Aliporudi, zilikuwa zimeongezeka. Mwezi wa tisa tangu upasuaji, mkwe alikuwa na mimba, na ndugu waliosema shamba halioti walikuja na midomo mitupu. Mama aliwapa chai, akawaeleza varikosili mpaka wakaomba ruhusa ya kuondoka.

Basi, nawe mwenzangu, haya uyaepuke:

Usiite kila uvimbe ngiri.

Usikaze mkanda wala kuchua mahali ambapo hapajapimwa.

Usinywe unga wala kuchomwa sindano ya nguvu bila daktari.

Usimlaumu mwanamke kabla wote wawili hawajapimwa.

Usingoje asubuhi kama korodani inauma ghafla na sana. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Usipuuze uvimbe usioondoka hata ukilala.

Na wewe mama, usinyamaze.