Nyuma ya Swala

Nyinyi mnaopanga foleni kupimwa afya ili mje huku, hebu nisikilizeni kidogo. Mimi ni Roselyne, nakaanga chapati hapa Ghulail, Jeddah, na hawa ninaowasimulia wamekula mezani kwangu.

Hezron na mkewe Emmaculate walikuja mwaka 2014 kumfanyia kazi kafili mmoja, yaani bosi aliyewadhamini kuingia nchini, mtaa wa Al-Naseem, Riyadh. Yeye dereva, mkewe kazi za nyumbani. Ni wangapi hupata bahati hiyo, mtu na mkewe chumba kimoja? Jioni walikunywa chai mlangoni wakiongea kwa simu na mwanao Abel aliyebaki Kenya, wakicheka mpaka majirani wakawazoea.

Kisha bosi akapata safari ya Marekani kuwinda kulungu, na nyumba nzima haikulala kwa hizo habari. Alitaka kwanza kujizoeza kwa swala aliowafuga shambani kwake, nje ya jiji. Hezron akampeleka dukani kununua risasi, na muuzaji akamwekea aina mbili mezani.

"Kwa kulungu chukua hizi za ncha laini," akamwambia. "Zikiingia mwilini hufunguka, mnyama huanguka upesi, na mara nyingi risasi hubaki humo humo. Hizi ngumu ni za kulenga shabaha. Zitampita mnyama zikampate aliye nyuma."

Bosi akacheka. Yeye alitaka kitu kinachotoboa chuma. Akamgeukia dereva wake. "Wewe Hezron, unaonaje?"

Hezron Kiarabu alikielewa vizuri, na onyo alilisikia lote. Akasema, "Ngumu ndiyo bora, baba. Mwanamume hawindi kwa kitu laini."

Mnaona mambo yetu? Aliulizwa. Mtu wetu kaulizwa na bosi, jambo ambalo halitokei kila siku, naye akajibu la kumpendeza mkubwa. Hiyo tabia inaniudhi hadi leo.

Ijumaa wakaenda shambani wote. Bosi akajaribu bunduki kwa pipa kuukuu la maji, na Emmaculate akatumwa kuliondoa. Akaona tundu mbele, tundu nyuma, na ukuta wa matofali uliokuwa nyuma ya pipa umemeguka. Hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Sasa, shambani pale kulikuwa na desturi yao. Wafanyakazi huzunguka upande wa pili, wakapiga masufuria na kuwaswaga swala kuelekea kwa mwenye bunduki. Madam, mke wa bosi, akamkabidhi Emmaculate sufuria na mwiko. "Yalla, haya nenda."

"Siendi, madam."

"Umesemaje?"

"Nimesema siendi. Nilikuja kupika na kufagia. Sikuja kusimama nyuma ya swala anayepigwa risasi."

Hezron akamvuta kando, jasho linamtoka. "Mama Abel, unataka turudishwe nyumbani? Si ni kelele za sufuria tu?"

"Baba Abel, umeliona lile pipa?"

"Bosi ana shabaha."

"Sijasema hana. Hata akimpata swala, risasi itapita."

Hezron akainyakua ile sufuria, akaenda yeye. Alimwonea aibu mkewe mbele ya wenye nyumba, ndiyo sababu, wala hakuna nyingine. Akazunguka, akapiga kelele, swala wakatoka mbio. Bosi akafyatua. Swala akaanguka, na nyuma yake Hezron naye akaanguka.

Hospitalini mguu wa Hezron ulikatwa chini ya goti. Kabla ya polisi kufika, bosi akamwita Emmaculate kwenye korido.

"Utawaambia alikuwa akichezea bunduki yangu, akajipiga mwenyewe. Ukikubali, nawapa kibali cha kuondoka. Ukikataa, mafi, hakuna kibali. Hamtoki nchi hii."

Mimi ningeyumba, sitawadanganya. Ikama zao zote, vile vibali vya kuishi huku, zilikuwa mfukoni mwa huyo mtu. Emmaculate akamtazama usoni. "Basi tutakaa. Tutakaa mpaka uchoke wewe."

Polisi walipokuja, bosi akatoa hadithi yake vizuri, kwa sauti ya huzuni. Alipomaliza, Emmaculate akamwita daktari. "Daktari, tafadhali waambie umetoa nini kwenye kidonda cha mume wangu."

Daktari akasema alitoa kipande cha risasi, na pamoja nacho manyoya ya swala.

"Kama alijipiga mwenyewe," Emmaculate akauliza, "manyoya ya swala yaliingiaje mguuni mwake?"

Polisi wakayaandika yote. Bosi akanyang'anywa bunduki, safari ya kulungu ikafia hapo, na polisi wakamlazimisha atoe vibali vya kuondoka. Ndege yao ilipitia Jeddah, ndipo wakafika kwangu, Hezron kwenye magongo.

"Roselyne, dukani niliulizwa," akaniambia, chapati imemshinda. "Mdomo wangu ndio ulioichagua ile risasi."

"Kula, Baba Abel," mkewe akasema. "Huo mdomo tutaufundisha kusema hapana."

FUNZO

Anayechagua risasi kwa majivuno amekwisha kuchagua na atakayeumia. Iwe laini, iwe ngumu, binadamu hasimamishwi nyuma ya mnyama anayelengwa, na desturi ya tajiri haiibadilishii risasi njia. Nanyi mnaokuja huku, mkiulizwa, semeni kweli. Mkiamriwa kifo, kataeni, hata kama ikama iko mfukoni mwake. Emmaculate alikataa mara mbili, na ndiye aliyerudi kwa Abel kwa miguu yake yote miwili, akimshika mkono mumewe.