Sentimita Ishirini na Nane za Réjean

"Bi Ghislaine... veranda yako imekaa kwenye ardhi ya mtu."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Kahawa yote ikaishia kwenye suruali.

"Ya mtu gani?!"

Dalali wangu, Mélissa, akageuza ramani mpya ya mpima ardhi niione vizuri.

"Ya jirani yako. Réjean."

Jamani... watu wote walioko mji huu wa Shawinigan, iwe Réjean!

Ngoja niwaeleze, maana nyie hamumjui. Mimi na Réjean hatujasalimiana miaka tisa. TISA! Asubuhi za theluji kila mtu na koleo lake, tunachota tukiangalia chini kama hatuonani.

Chanzo ni ua wake wa mierezi. Niliona umeingia kwangu. Nikaita manispaa, nikapiga kelele, nikamtishia mahakama, mpaka mzee wa watu akachoka, akachukua msumeno, akaikata miti yote kumi na miwili.

Mimi nilisimama dirishani nakula keki. Raha niliiona, siwafichi.

Mume wangu Normand ndiye aliyekuwa ananiambia, "Ghislaine, muache Réjean." Nikamwona mume wangu muoga. Mwaka uliofuata Normand akafariki.

Sasa nauza nyumba. Binti yangu Karine yuko mbali, mji wa Rimouski, amejifungua mapacha, mumewe yuko migodini kaskazini. Kila akinipigia simu analia yeye, wanalia na watoto. Nyumba isipouzika, siendi popote.

"Sentimita ngapi?" nikamuuliza Mélissa.

"Ishirini na nane."

"Aaah! Hizo ni urefu wa kiatu tu! Wape wanunuzi ile ramani ya zamani yaishe."

"Ile ni ya kabla veranda haijajengwa. Ukijua tatizo ukalificha, mama, watakufuata mpaka Rimouski."

"Basi tuibomoe."

"Nguzo zake ndizo zinabeba paa la jikoni. Na kibali cha kubomoa ni wiki sita."

"Wanunuzi si wasubiri?"

"Benki yao imegoma kuwakopesha mpaka hili liishe. Mkataba wao unaisha Ijumaa saa kumi na moja jioni. Ikipita hapo wanaondoka."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikaishiwa pozi kabisa.

Nikampigia mpwa wangu Steeve, yule anayejua kila kitu.

"Shangazi, tulia! Ukikaa mahali zaidi ya miaka kumi, ni pako! Veranda ina miaka kumi na minne. Umeshinda!"

Nikacheka peke yangu jikoni. Réjean, umekwisha!

Nikampigia wakili wa hati za nyumba, Bi Gélinas, ili tu anipongeze.

"Inawezekana," akasema. "Lakini lazima jaji aamue, na hiyo ni miezi. Halafu ni iwapo ulipakalia kama pako. Kama uliomba ruhusa, huna kesi."

"Ruhusa?! Normand aliijenga kwa mikono yake, hakumuomba mtu!"

"Sawa. Ila mpaka Ijumaa njia ni moja tu. Réjean aje kwangu, asaini kwamba veranda ibaki ilipo, nami niisajili hati hiyo kwenye daftari la ardhi. Akikataa, sina la kukusaidia."

Yaani nikamuombe Réjean... MIMI!

Jumanne nikabeba chupa ya achari yangu ya nyanya na matunda, nikagonga. Akafungua, miwani kwenye paji la uso. Akaniangalia, akaiangalia na achari.

"Umekuja kupima nini leo?"

Nikamnyooshea chupa.

"Jirani..."

"Ahaa. Leo mimi jirani."

Nikamueleza yote, haraka haraka, shingo inaniwaka. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa jicho.

"Alhamisi," akasema. "Kwa huyo wakili. Na mimi nina karatasi yangu."

Akachukua achari. Akafunga mlango.

Karatasi gani?! Nilizunguka nyumba nzima siku mbili, nafungua makabati, nabamiza makabati. Karine akapiga simu nikamjibu vibaya, nikampigia tena kumuomba radhi, nikamjibu vibaya tena.

Alhamisi. Ofisi ya wakili. Réjean amevaa koti la kanisani.

Hata salamu hazijaisha, akatoa karatasi ya manjano iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.

Ule mwandiko niliujua kabla sijausoma.

Ulikuwa wa Normand.

Wakili akaisoma kwa sauti: "Mimi Normand nimemuomba Réjean nguzo za veranda yangu ziingie kwake kidogo. Amekubali. Tumekubaliana Ghislaine asiambiwe, atapiga kelele."

Jamani Normand! Miaka yote ile nalala na mtu, siri yake iko kwa Réjean!

"Na kelele anazipiga kweli," Réjean akamwambia wakili.

"Bi Ghislaine," wakili akasema taratibu, "karatasi hii haikusajiliwa, kwa hiyo haimlindi mnunuzi. Na ile habari ya miaka kumi imekufa hapa hapa. Mumeo aliomba ruhusa."

Yaani karatasi ile ile. Hainisaidii, na inanimaliza.

"Sasa," Réjean akasema, "hiyo ramani mpya si ina mpaka? Visiki vya mierezi yangu bado vipo. Hebu tuonyeshe viko upande gani."

Wakili akaweka kidole. Akahesabu polepole mpaka kumi na mbili.

"Vyote viko kwako, Bwana Réjean. Hakuna hata kimoja kilichovuka."

Mnaelewa? Ua ule haukuwahi kuingia kwangu. Aliyeingia kwa mwenzake miaka yote hii ni mimi!

Sauti ikanitoka ndogo. "Ulikuwa na karatasi hii siku ile nakuletea manispaa. Ungeweza kuibomoa veranda yangu. Kwa nini hukusema?"

Réjean akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Normand alishaanza kuumwa. Pale verandani ndipo alipokuwa anapata pumzi. Ningemtoa nimpeleke wapi?"

Nikalia, wapendwa. Mbele ya wakili, na mbele ya mtu niliyemtazama akikata miti huku nakula keki.

"Nisamehe, Réjean. Nilikosea. Sema unachotaka."

"Miti yangu. Kumi na miwili. Uipande mwenyewe."

"Nitaipanda."

Akachukua kalamu, halafu akaisimamisha hewani.

"Andika na hilo la miti," akamwambia wakili. "Safari hii tuandike kila kitu."

Akasaini. Ijumaa saa tisa wanunuzi nao wakasaini.

Jumamosi nikavaa mabuti ya Normand, nikapiga magoti kwenye tope na koleo. Mti wa nane mgongo ukagoma. Nikageuka, namkuta Réjean amekaa ukingoni mwa veranda na vikombe viwili vya kahawa.

"Nani kakukaribisha hapo?"

"Nimekaa kwenye sentimita zangu."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Akanisimulia kiangazi cha mwisho cha Normand, walivyokuwa wakinywa kahawa hapo hapo wawili, mimi nikiwa kazini, wakiosha vikombe kabla sijarudi. Hilo nalo sikulijua.

Mnaotaka kuuza nyumba, nawaomba: pima ardhi kabla hujatundika kibao cha kuuza, usingoje mnunuzi akupimie. Ruhusa ya jirani, hata akiwa malaika, ipeleke kwa wakili ikasajiliwe. Na kabla hujamkatisha mtu miti yake, kaangalie kwanza mpaka uko wapi.

Leo nimepakia vitu kwenye lori. Réjean amenirudishia chupa ya achari, tupu, imeoshwa, ananiuliza nyingine nitamletea lini.

Miaka yote nimeishi ukuta kwa ukuta na mtu huyu, na nimempata jirani wiki ninayohama.