Mlango wa Thelathini na Mbili

Disketi iliporudi kutoka kwa mkurugenzi ikiwa imeloa, Efrazia aliulaumu ukungu, kwa sababu Lushoto mwezi wa sita ukungu huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Aliifuta kwa kanga, akaitia kwenye kompyuta, akahesabu. Milango iliyokwenda ilikuwa thelathini na mmoja. Iliyorudi ilikuwa thelathini na miwili.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Shirika la umma lililomiliki jumba la mawe la Kwemsambia lilikuwa limeuzwa, na mnunuzi alitaka hoteli ya watalii. Ofisi ya mradi ilikuwa na kompyuta mbili. Ya Efrazia ilibeba jumba lenyewe, limechorwa lote, kila mlango na namba yake. Ya Bwana Bartholomeo, mkurugenzi, ilibeba majedwali tu, maana mkurugenzi hachori. Efrazia alitoa orodha ya milango kwenye mchoro, akaipeleka kwa disketi. Mkurugenzi akajaza mbao, kitasa na jina la fundi, orodha ikarudi, na mchoro ukajirekebisha kulingana na jedwali. Jedwali likisema mlango, mchoro unatoboa ukuta.

Huu wa ziada ulisomeka hivi: namba thelathini na mbili. Kutoka: patupu. Kwenda: chumba cha tisa. Upana, sentimita sabini. Mbao, mkulo. Kitasa: hakihitajiki.

Aliufuta, akairudisha orodha kwa mkurugenzi. Kesho yake disketi ikarudi imeloa tena, inanuka ubani na chokaa mbichi, na mlango umo. Alipoufungua mchoro, ndani ya kompyuta kitu kililia kama bawaba kavu.

"Umesikia?" alimuuliza bibi Hadija, aliyekuwa akiwapikia chai.

Bibi Hadija aliweka birika chini. "Chumba cha tisa?" akanong'ona. "Marehemu mume wangu, mzee Faraji, ndiye aliyeziba pale. Kulikuwa na mlango. Nyuma yake hakuna chumba, mwanangu, ni mlima. Lakini waliolala humo walikuwa wakikaribishwa."

"Na nani?"

"Wenyewe wa mlima. Hawana mkono wa kubomoa ukuta. Wanangoja binadamu autoboe kwa hiari yake."

Mara ya tatu, wiki mbili baadaye, safu ya fundi ilikuwa imejazwa: Kornelio. Huyo alikuwa mdogo wake Efrazia, tumbo moja, aliyepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha mbao cha shirika lile lile. Dada mtu ndiye aliyembembelezea kibarua hiki. Efrazia alikwenda kwa mkurugenzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mlango wa thelathini na mbili haupo, mzee. Nyuma yake ni mlima."

"Kwenye jedwali upo."

"Uliujaza wewe?"

"Mimi? Nilidhani wewe." Bwana Bartholomeo alicheka, akaigeuza karatasi ya jedwali ili muhuri uonekane. "Kamati ya mradi imeupitisha. Kuufuta ni barua iende Tanga, Tanga waandike Dar, na Dar watawajibu wajukuu zetu. Kuujenga ni siku moja. Wewe ungechagua lipi?"

"Hata kama ni mlima?"

"Mlima haukuleta pingamizi ndani ya siku kumi na nne. Ila jina la fundi halimo kwenye muhuri. Hilo badilisha upendavyo, mradi lisiwe tupu."

Basi akarudi mezani pake, na kwa jinsi harufu ya ubani ilivyokuwa imejaa chumba kile saa tisa ya mchana, na ukungu ulivyokuwa umesimama dirishani kama mtu anayesubiri kufunguliwa, na kishale cha kompyuta kilivyokuwa kikipepesa ndani ya safu ile kama kinachomhimiza, Efrazia hakumfikiria Mungu wala haki, alimfikiria mama yao na jinsi angemlilia Kornelio, kisha akawapitisha mafundi wote akilini mmoja mmoja akimtafuta asiyekuwa na wa kumlilia, akampata. Paskali alikuwa mtu wa kuja, aliyetoka kwenye mashamba ya chai ya Kwamkoro, hana mke, hana ndugu Usambara nzima. Aliandika Paskali. Usiku ule alilala vizuri, na hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko mengine.

Waashi walitoboa ukuta wa chumba cha tisa, wakakuta jiwe, wakaweka fremu mbele ya jiwe, maana orodha ilitaka fremu na haikuuliza habari za jiwe. Siku ya kupachika, Kornelio alipita ofisini na randa kwapani, akisema yeye amepangiwa mlango wa jikoni. Efrazia alimtazama akiondoka, akamshukuru Mungu.

Saa nne bibi Hadija alileta chai.

"Ule mlango wanapachika akina nani?"

"Paskali."

"Na nani?"

"Paskali tu, bibi. Ndivyo orodha inavyosema."

Bibi Hadija alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama msomi. "Mwanangu, mlango haupachikwi na mtu mmoja. Mmoja anaushika, mwenzake anafunga bawaba."

Efrazia hakukumbuka kuvaa viatu. Alipanda kilima cha Kwemsambia ndani ya ukungu, akapita jikoni, ambako randa ya mdogo wake ilikuwa juu ya meza na mlango umeegemezwa ukutani haujaguswa, akakimbia ukumbini huku harufu ya ubani ikizidi kila hatua na bawaba ikilia mahali fulani mbele yake, taratibu, bila haraka, mpaka akafika chumba cha tisa.

Paskali alikuwa amekaa sakafuni na bisibisi mkononi. Mbele yake mlango wa mkulo ulikuwa umesimama ndani ya fremu.

"Shikamoo dada," alisema, ingawa alikuwa mkubwa kwake. "Asante kwa kuniandikia kazi. Hata Kornelio alifurahi. Alisema, kama dada yangu amekukumbuka wewe usiye na mtu, na mimi nitakushikia."

"Yuko wapi?"

"Ameushikilia."

"Wapi, Paskali?"

"Alisema huku hapana nafasi, ataushikia kwa ndani. Akavuka."

"Ndani ni jiwe!"

"Sasa hivi ni jiwe." Machozi yalimtoka Paskali bila sauti. "Alipovuka kulikuwa na sakafu. Kulikuwa na mtu aliyemwambia karibu."

Efrazia aliweka jicho kwenye ufa kati ya mbao na fremu. Aliona mlima, umeloa, hauna hata alama ya nyundo.

"Umeufunga kwa nini?" alilia. "Ungeuacha wazi atoke!"

Paskali alifungua kiganja. Skrubu zote kumi na mbili zilikuwamo.

"Sijafunga hata moja, dada."

Efrazia aliushika ule mlango kwa mikono miwili, akauvuta. Ulimfuata kidogo, kisha ukarudishwa mahali pake polepole, kwa uangalifu, kama fundi mzoefu anavyoushikilia ili mwenzake asipoteze kipimo.