Joho la Zambarau la Bibi Xu

"Mwalimu, eti wafu wanajua tunachowafanyia?"

Aliyeuliza alikuwa Shangazi Duo, wakati huo binti wa miaka kumi na saba, amesimama na furushi la hariri nje ya ukumbi ambamo mfalme wetu hapa Linzi aliwalisha wanafalsafa ili wabishane. Asubuhi ilikuwa ya kawaida tu: jua la baridi, harufu ya uji wa uwele. Mwalimu Gongsun Qu, aliyewafundisha wakuu maana ya haki, alimtazama Duo, akawatazama wenzake.

"Siku hizi na wauza vitambaa wanataka mjadala?"

"Muulize bei, ndiyo anayoijua," mwingine akadakia.

Wakacheka hadi ndevu zikatikisika. Wanaume arobaini wanaolishwa ili wajibu maswali, na hakuna hata mmoja aliyejibu. Duo akakichukua kile kicheko kuwa ndilo jibu: wafu hawajui kitu. Ndicho alichotaka kusikia, maana ndani ya furushi mlikuwa na joho la bibi yake.

Bibi Xu, mfumaji, alikuwa amefariki mwezi uliotangulia. Mjomba wake Duo alipanda paani na joho jeupe la marehemu, kama ilivyo desturi, akaelekea kaskazini, akaliita jina lake mara tatu ili roho irudi. Haikurudi. Na joho lililotumiwa kumwita marehemu haliguswi tena. Halivaliwi, haliuzwi, wala halizikwi naye. Likawekwa kikapuni. Lakini mfalme alikuwa ameanza kupenda zambarau, basi mji mzima ukawa unataka zambarau, na hariri nyeupe kuukuu ikichovywa rangi hiyo iliuzwa mara kumi ya bei yake. Duo akalichovya. Rangi ile inanuka vibaya. Ikafunika harufu nyingine yoyote.

Mwalimu akalinunua siku hiyohiyo, akalivaa palepale.

Siku ya tisa, mchana kweupe, katikati ya mjadala, Gongsun Qu alianguka. Pumzi ikakatika. Duo alikuwa langoni na mzigo mwingine. Alimwona mtumishi akimvua joho. Akamwona akiegemeza ngazi ukutani.

Alijua joho lile lilikuwa limekwisha kumwita bibi yake. Angeweza kupiga kelele. Lakini angesema nini mbele ya wale waliomcheka?

"Gongsun Qu, rudi!" mtumishi akaita kutoka paani.

Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Joho likarushwa chini, likatandazwa juu ya maiti. Kisha kidole kikacheza.

Vikafuata vyote. Vilikuwa vinapitisha uzi ambao haupo, kulia, kushoto, kulia, kwa kasi ya mtu aliyefuma maisha yake yote. Macho yakafunguka. Mke wa mwalimu, aliyekuwa ameitwa haraka, akaangua kilio cha furaha.

Sauti iliyotoka kinywani mwa mumewe ilikuwa nyembamba, kavu, ya mwanamke mzee.

"Duo. Mbona umeniuza?"

Kilio kikakatika.

"Duo ni nani?" mke akanong'ona. Macho yote yakageukia langoni. "Binti, ni wewe?"

"Mjukuu wangu, niite," sauti ikasema. "Nimevutwa kwa joho langu na jina la mtu mwingine. Sijui niende wapi. Niite jina langu tu, nipate njia."

Jina tu. Lakini kulitamka pale ni kukiri mbele ya mji mzima alichokifanya. Yule aliyesema Duo aulizwe bei alikuwa ameanza kutabasamu. Uso wa Duo ukawaka moto.

"Simjui," akasema.

Vidole vikasimama.

Mwalimu akazikwa. Wenye hekima wakasema ilikuwa homa, na kesho yake wakaendelea kubishana juu ya haki, matumbo yakiwa yameshiba. Ningependa kuwalaumu wao peke yao. Siwezi. Wao walikataa kumjibu muuza vitambaa. Duo alikataa kumjibu bibi yake.

Joho halikuonekana tena. Ila theluji ya kwanza ilipoanguka, paa la ukumbi likawa jeupe lote isipokuwa sehemu moja ukingoni. Ukubwa wa mwanamke mwenye mwili mdogo aliyechuchumaa. Pakavu. Miaka hamsini sasa, kila baridi, theluji haitui pale. Nimepaona kwa macho yangu. Ukisimama chini yake, unasikia harufu ya rangi.

Shangazi Duo amezeeka. Kila theluji huenda hadi langoni, hufungua mdomo, hurudi nyumbani ameinamisha kichwa. Jana alinishika mkono.

"Aibu inanikaba, mwanangu. Wewe unabishana na kila mtu, una sauti. Nenda mchana, watu wakiwepo. Sema ni Xu Rou. Sema ni bibi yangu. Sema na aliyemuuza ni nani."

Joho hatuna. Jina tunalo. Kesho napanda paani kumwita.

Naomba uje unishikie ngazi.