Makofi Mawili

Saa mbili asubuhi jengo lile la ghorofa tano lilikuwa likimeza watu kwa mkupuo: washonaji, wasusi, mawakala wa simu, daktari wa meno na wagonjwa wake walioshika mashavu. Wote walisukuma mlango wa kioo wakapita. Kijana mmoja tu, mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, alikuwa ameganda mbele ya mlango huo, mikono nyuma, kana kwamba anamsubiri mwenye jengo.

Nyuma yake akafika mwanamke wa gauni la njano na viatu vya wazi, amebeba boksi la nywele za bandia lililomfika kidevuni.

"Kaka, unaingia au unapigwa picha?"

"Samahani, dada. Pita tu."

"Nipite na mikono ipi? Sukuma basi."

Akausukuma. Mlango ulipofunguka alishtuka kidogo, na mwanamke akaangua kicheko.

"Makubwa! Yaani ulikuwa unasubiri ufunguliwe? Wewe ni bosi wa wapi?"

Hakuwa bosi wa popote. Alikuwa na siku nne mjini na miaka saba gerezani, na katika miaka hiyo saba hapakuwa na mlango hata mmoja aliougusa kwa mkono wake. Siku hiyo alikuwa anaanza kazi ya ushonaji ghorofa ya tatu, ufundi aliojifunza humohumo kifungoni. Angeweza kusema ukweli pale pale. Lakini nani anamwambia mwanamke mzuri jambo kama hilo asubuhi, tena akiwa na boksi mikononi? Akanyamaza, akalibeba boksi lile mpaka saluni ya ghorofa ya pili, na jina la Bosi likamnasa.

Mapenzi ya ghorofa ya pili na ya tatu yalikuwa ya simu zaidi, maana wote wawili kazi iliwabana.

"Bosi, umekula?"

"Bado."

"Umevaa nini?"

"Shati."

"La rangi gani?"

"Jeupe."

"Kila siku jeupe! Wewe fundi au nesi?"

"Nikivaa la rangi utanipenda zaidi?"

"Nikikupenda zaidi ya hapa nitafukuzwa kazi. Nimesuka kichwa cha mtu upande mmoja nikakukumbuka wewe uko juu, nikaanza kucheka peke yangu."

Alimshonea gauni la zambarau, kiuno kimekaa, mabega yamekaa, mishono ya ndani imenyooka kuliko ya nje. Msusi alilivaa ngazini akipanda na kushuka makusudi ili washonaji wote wamwone. Mwezi wa saba wa mapenzi hayo fundi akasema anataka kuoa. Msusi akasema basi twende kwa Mjomba, kwa kuwa ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mjomba alikuwa anafanya kazi gani? Serikalini, alijibu, amestaafu. Zaidi ya hapo hakusema, kwa sababu Mjomba mwenyewe hakupenda kazi yake izungumzwe.

Fundi alijaribu kusema. Nami namtetea hapo, alijaribu kweli.

"Kuna jambo nataka kukwambia kabla hatujaenda."

"Una mke?"

"Hapana."

"Una watoto kumi kwa mama kumi?"

"Hapana, nisikilize..."

"Basi mengine utaniambia tukishaoana. Mteja wangu ana dawa kichwani, inamchoma. Nakupenda, kwaheri!"

Jumapili, adhuhuri, walikaribishwa sebuleni kwa Mjomba. Makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe, meza imepangwa sahani, na wajukuu watano walikuwa wanakimbizana koridoni. Mjomba alikuwa mzee mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimpenda kijana tangu salamu. Waliongea kuhusu vyerehani, kuhusu mvua, kuhusu vijana wa siku hizi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Kisha chakula kikawa tayari, na Mjomba, kama alivyozoea kuwaita wajukuu mezani, akapiga makofi mawili.

Fundi alichuchumaa.

Haikumchukua hata nusu ya sekunde. Alikuwa chini, mikono kichwani, macho sakafuni, ameketi juu ya visigino vyake kwenye zulia la watu. Wajukuu wakacheka. Msusi naye akacheka, akidhani ni utani wa mkwe mpya, na kicheko hicho alikuja kukijutia kuliko neno lolote alilowahi kutamka.

Mjomba hakucheka.

"Inuka, kijana," alisema. Kisha, polepole, "Ulikuwa gereza gani?"

Hapo kila mtu akaelewa kwa wakati wake. Mjomba alikuwa askari magereza kwa miaka thelathini. Makofi mawili, pale alipofanya kazi na pale fundi alipofungwa, yalikuwa ya hesabu: wafungwa wachuchumae kwa mistari, mikono kichwani, wahesabiwe asubuhi na jioni. Fundi akasema yote akiwa amesimama, jasho linamtoka. Alikuwa dereva. Aliwaendesha wenzake mpaka dukani usiku mmoja, akawasubiri nje injini ikinguruma. Mwenye duka alipigwa, na mpaka leo anatembea kwa fimbo. Hakusingiziwa. Alifungwa kwa haki.

Walirudi mjini kila mtu kivyake.

Kwa siku tisa msusi hakupokea simu. Fundi alipiga akiwa ghorofa ya tatu na kuisikia ikiita ghorofa ya pili, kupitia dirisha. Siku ya kumi mwanamke alipanda ngazi mwenyewe, macho mekundu, kitambaa kichwani bila mpango, akamkuta amesimama kwenye meza ya kukatia.

"Miezi saba nakuita Bosi," alisema, "nawe unaitika."

"Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka! Kumbe siku ile mlangoni..."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unasubiri askari akufungulie. Nami nakucheka mbele ya watu." Akaanza kulia. "Unajua nimelala vipi siku zote hizi? Unafikiri nimekasirika kwa sababu ulifungwa?"

"Si ndiyo?"

"Nimekasirika kwa sababu uliniacha nicheke, mjinga wewe."

Fundi alimfuta machozi kwa kipande cha bitana, maana ndicho kilichokuwa karibu, na washonaji wengine ghafla wote wakawa na kazi ya kutazama sindano zao. Walipatana. Tatizo likabaki Mjomba.

"Hakukatai kwa ajili ya kifungo," msusi alimweleza. "Anasema adhabu uliitumikia, yamekwisha. Anasema hawezi kukaa meza moja na mkwe anayemchuchumalia. Alidhani makofi yake ameyaacha kazini. Kumbe amekuwa akiwaita nayo wajukuu miaka yote, hakuwahi kufikiria."

"Basi nisichuchumae."

"Unaweza?"

Hakujua. Kwa hiyo wakajifunza. Mchana wateja wakipungua, msusi alishusha pazia la saluni, akavua bangili, akapiga makofi mawili. Fundi akaenda chini.

"Inuka, mpenzi. Tena."

Akaenda chini.

"Nitazame mimi, usitazame sakafu. Mimi ni askari? Askari gani ana wanja mzuri hivi?"

Akacheka, akaenda chini huku akicheka. Ilichukua wiki tatu. Walijaribu akiwa ameshika kikombe, akiwa anaimba, akiwa ameegemea ukuta. Siku moja makofi yalilia na magoti yake yakabaki yamenyooka. Msusi alimrukia shingoni, akamwachia alama ya rangi ya mdomo kwenye kola ya shati jeupe.

Wakarudi kwa Mjomba, Jumapili nyingine. Mzee aliombwa apige makofi, akakataa mara mbili, mara ya tatu akapiga, kwa woga, kama mtu anayejaribu chai ya moto. Fundi alisimama. Uso ulilowa, taya lilikaza, lakini alisimama. Wajukuu wakashangilia bila kujua wanachoshangilia. Mjomba alinyanyuka kitini, uso umemng'aa, akamwendea, akainua mkono wa kulia ili ampigepige begani na kumwita mwanangu.

Fundi alijikunja, akakinga kichwa kwa mikono yote miwili.

Mkono wa Mjomba ulibaki hewani. Hakuna aliyemfundisha kijana kuhusu mkono, hakuna aliyekumbuka kwamba yalikuwepo mengine zaidi ya makofi. Mzee alishusha mkono wake taratibu, akautazama, akarudi kukaa, akalia mbele ya watoto.

"Mwondoe hapa, mama," alimwambia mpwa wake. "Sina ubaya naye. Mwondoe tu, siwezi."

Baada ya hapo Mjomba alikataa kula. Msusi aliomba ruhusa saluni, akahamia kwake kumuuguza. Simu zilikuwa fupi, kisha fupi zaidi. Mchana mmoja fundi alikuwa anapiga pasi sketi ya mteja, simu ikaita.

"Hatoki chumbani," msusi alisema. "Anakaa anataja watu nisiowajua, anawaomba radhi. Amesema niolewe nikitaka, ila yeye harusini hatafika, na kwangu hatakanyaga. Huyu ndiye aliyenilea. Nifanyeje?"

"Sijui, mpenzi. Sijui kabisa."

"Nakupenda mpaka naumwa."

"Mimi pia."

Fundi aliweka pasi chini. Nyuma ya sauti ya msusi aliwasikia wajukuu wakicheza.

"Basi tuachane," msusi alisema kwa sauti kavu, ya mtu aliyeirudia sentensi peke yake kabla ya kupiga. Kisha sauti hiyo ikamvunjikia. "Lakini wewe kataa. Sema hapana, mara moja tu. Ukisema hapana nafunga mizigo leo hii, Mjomba atanisamehe akinisamehe. Sema."

Kila kitu ndani ya kijana yule kilisema hapana. Nasema hivi kwa sababu msusi hakuwahi kukijua, na ni haki kijulikane. Lakini alikuwa ameambiwa jambo kwa sauti kavu, na kwa miaka saba mtu akimwambia jambo kwa sauti kavu alikuwa na jibu moja.

"Sawa," alisema.

"Umesema nini?"

"Sawa, mpenzi."

Alimsikia akivuta pumzi, akingoja, akingoja tena. Kisha simu ikakatika.

Ndipo neno likatoka. Alisema hapana, akasema tena, kwa sauti, akiwa ameishika simu mbele ya uso wake, mpaka washonaji wakasimamisha vyerehani vyao mmoja baada ya mwingine. Akapiga. Ikaita mpaka ikakoma. Akapiga tena, na sauti ya mashine ikamwambia kwa upole kwamba namba anayoipigia haipatikani.